Siku Isiyo na Watu

Bi Odessa Gaskins alishuka garini taratibu, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, akaushika mlango na kutega sikio kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka majanini.

"Mbona kimya hivi?" aliuliza.

"Si ndiyo siku niliyokuchagulia, Ma..." Noelia akajiuma ulimi. "Bi Odessa."

Mama yule alimtazama kutoka chini ya kofia yake ya zambarau, kofia ya kanisani. Nyuma yake Emmett alikuwa akifunga gari. Juu ya bega la mama yake alimkonyeza Noelia jicho moja la haraka, jicho la kusema vumilia, mpenzi, tumeshafika. Noelia alimrudishia tabasamu fupi. Alikuwa na jambo kifuani ambalo Emmett hakulijua.

Noelia Candelario na Emmett Gaskins walikutana hapahapa Palmetto Cove, bustani kubwa ya bembea na michezo nje kidogo ya mji wa Kissimmee. Emmett, mwalimu wa bendi ya shule kule Valdosta, Georgia, alikuwa ameleta wanafunzi wake kupiga tarumbeta kwenye gwaride la jioni. Alikwama nao katikati ya watu, amebeba ngoma mbili begani na kiatu cha mtoto asiyemjua mkononi. Noelia alitokea, akawapitisha nyuma ya majengo, na alipowafikisha Emmett akamuuliza, huku jasho linamtiririka, "Dada, wewe ni malaika au mlinzi?"

"Mimi ndiye niliyeiandikia shule yenu kwamba leo watu watajaa," Noelia alijibu. "Wewe ndiye uliyepuuza."

Emmett alicheka mpaka akakaa juu ya ngoma. Yakaanzia hapo.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Noelia, kukadiria watu. Ukutani ofisini kwake palikuwa na kalenda iliyopakwa rangi: kijani kwa siku za watu wachache, njano kwa siku za kuvumilika, nyekundu kwa siku ambazo mwenye akili hubaki nyumbani. Alijua shule za jimbo gani zinafunga lini, makundi ya Wabrazili yanatua wiki gani, na mvua ikitangazwa asubuhi ni akina nani wataghairi na akina nani watakuja na makoti ya nailoni. Wenzake walimtania kwamba akinusa upepo tu anajua foleni ya ile treni ya michezo inayopinduka angani itafika wapi.

Lakini kujua watu wengi si kumjua mama mmoja, na Bi Odessa hakumtaka. Hakuzificha sababu zake. Noelia alikuwa ameachika. Alimpita Emmett kwa miaka mitano. Alikuwa Mkatoliki, na Jumapili yuko kazini. "Wanaume wa Florida wamekwisha," Bi Odessa alikuwa akiwauliza wenzake wa kwaya, "hata aje kunichukulia wangu wa pekee?"

Na tena mama huyu aliogopa umati. Mumewe, Lucius, alianguka kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti yao, katikati ya watu waliosongamana, na gari la wagonjwa likashindwa kupenya. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alilijua hilo, daktari alimwambia, naye alinyamaza ili asiiharibie nyumba furaha. Mficha maradhi kilio humfichua. Emmett, wakati huo mvulana wa sekondari, ndiye aliyekuwa ameushika mkono wa baba yake mpaka ukapoa. Tangu siku ile Bi Odessa hakukanyaga penye watu wengi, na hata kanisani alikaa benchi la karibu na mlango.

Kwa hiyo siku Emmett aliposema kwamba atamwoa Noelia, apende asipende, mama alitoa neno moja: "Si unasema kazi yake ni kujua watu watakuja lini? Basi anichagulie siku isiyo na watu, anipeleke huko kwake. Nikiona neno lake ni la kweli, nami nitasema langu."

Mara ya kwanza goti lake lilivimba. Mara ya pili kimbunga kikafunga barabara. "Mara ya tatu ndiyo ya mwisho," Bi Odessa alitangaza. "Mimi si kuku wa kufukuzana na siku."

Noelia aliichagua Jumanne hii, mwisho wa Januari, siku ya kijani kuliko zote. Jana yake mchana, mwenzake Rigo alisukuma mlango wa ofisi kwa kiwiko.

"Umesikia? Ule ukumbi wa mashindano ya wasichana washangiliaji, paa limevuja. Kesho wanashindana asubuhi tu, mchana wote wamefuta. Sasa ili wasidaiwe nauli, wanawapa tiketi za kuja kwetu. Wote, na mama zao, na shangazi zao, na vile vishada vyao vya kupunga."

"Wote?"

"Dada yangu, kesho ni nyekundu. Nyekundu ya damu."

Noelia alichukua simu kumpigia Emmett. Palikuwa na ujumbe wake umemtangulia: *Mama ameshapiga pasi nguo. Ameoka keki. Noelia, anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu baba afe.*

Aliusoma, akausoma tena, akaiweka simu chini. Akapiga hesabu zake. Wasichana watamaliza kushindana saa tano, watakula, watapanda mabasi. Hawatafika kabla ya saa saba. Sisi tutaingia milango ikifunguliwa, tutazunguka, tutakula mapema. Nitawatoa kabla, alijiambia. Nitawatoa, hawataona kitu, na atakuwa ameshasema ndiyo.

Hakupiga simu.

* * *

Na asubuhi ile, wallahi, ilikuwa ya kupendeza. Jua lilikuwa jepesi, maua yamemwagiwa maji, na wafagiaji walikuwa bado wanasalimiana kwa sauti kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Walipopita lango kuu Noelia aliwageuza kushoto.

"Wale wote wanakwenda kulia," alisema Bi Odessa.

"Ndiyo maana sisi tunakwenda kushoto. Watu wakiingia mahali pageni hugeuka kulia, Bi Odessa. Sijui kwa nini, lakini hugeuka."

"Hata kanisani kwetu ni hivyohivyo." Mama akakohoa kicheko. "Wanajazana kulia, halafu wanalalamika joto."

Emmett alimtazama Noelia, macho yamemtoka. Mama yake amecheka!

Walimpandisha bembea ya farasi wa mbao. Alikataa, akakataa tena, kisha akachagua farasi mweupe mwenye shada la dhahabu na kumkalia upande, mkoba mapajani, kofia kichwani, kama malkia anayekwenda kukagua jeshi. Farasi wengine karibu wote walikuwa watupu. Muziki ulianza, na Emmett na Noelia wakabaki wamesimama kwenye uzio, mabega yao yakigusana.

"Umefanya nini wewe?" Emmett alimnong'oneza. "Mwangalie. Ana miaka kumi."

"Nimechagua siku tu."

"Usinitanie. Sikiliza, Noelia. Jana usiku ameniuliza saizi ya kidole chako." Alipitisha mkono nyuma ya uzio, akaushika wake pale ambapo mama asingeona, na kidole gumba chake kikawa kinapiga mdundo mdogo kwenye kiganja cha Noelia, kama alivyozoea alipokuwa na furaha. "Mama Odessa Gaskins. Ameuliza saizi ya kidole cha Mkatoliki."

Noelia alitaka kucheka. Badala yake macho yalimjaa maji, na Emmett, maskini, akadhani ni furaha. Farasi mweupe alipita tena mbele yao, na Bi Odessa akapunga mkono wake wenye glavu.

Walipanda mashua ndogo zinazopita katikati ya bustani ya maua. Wakala mapema, kabla meza hazijajaa, pastelillo, sambusa za kwao, alizokaanga mama yake Noelia alfajiri, na keki ya siagi ya Bi Odessa iliyokuwa nzito kama tofali na tamu kupita kiasi. Bi Odessa alikula pastelillo tatu.

"Mama yako anajua kukaanga," alisema, akipangusa vidole kimoja kimoja. "Mwambie aache chumvi kidogo."

"Nitamwambia."

"Mwambie pia namsalimu."

Noelia akatazama saa. Akaanza kukusanya mabakuli kabla hata Emmett hajamaliza kutafuna. "Basi, twendeni polepole kuelekea garini. Jua litakuwa kali."

"Jua gani? Januari?" Emmett akashangaa.

"Ni goti la mama. Asichoke sana."

"Goti langu halijalalamika," Bi Odessa akasema. Akageuza shingo kuelekea mfereji wa mashua. "Kama si kuwasumbua, ningependa kupanda tena ile mashua. Mara moja tu. Lucius aliniahidi kunipandisha mashua, Mungu hakumpa nafasi. Pale kwenye maua meupe nilimfikiria, nami nilikuwa sijamaliza kumfikiria tukawa tumeshafika mwisho."

Noelia alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale, mepesi kabisa: Bi Odessa, leo mchana watakuja watu wengi sana, nilijua tangu jana, naomba tuondoke. Angeyasema, mama angeinuka, wangetoka, na pengine angekasirika njiani, na pengine angesamehe. Lakini alimwona mama wa watu ametabasamu, na kidole cha Emmett kikipiga mdundo juu ya meza, na ule ulimi uliokuwa ukitangazia maelfu ya watu waje lini, uliganda.

Emmett aliona kitu usoni mwake. "Kuna nini?"

"Hakuna."

"Una uhakika? Umebadilika rangi."

"Hakuna, mpenzi. Twendeni kwenye mashua."

* * *

Mashua ilipokuwa ikirudi gatini, sauti ndiyo iliyotangulia. Ilianza kama mvua inayokuja juu ya mabati, halafu ikawa vicheko na nyimbo za wasichana zikiitikiana kwa makofi. Bi Odessa aliinua kichwa.

"Nini hiyo?"

Walipanda ngazi za gati, na pale juu Noelia aliona njia yote, kuanzia langoni hadi kwenye mnara wa saa, imegeuka vichwa vya watu. Wasichana wenye mikia ya nywele na riboni za kumetameta, mama zao na mabegi, akina baba wamebeba wadogo mabegani. Hesabu zake zilikuwa zimekosea kwa saa nzima, labda zaidi. Pengine wasichana walipewa chakula ndani ya mabasi. Nani ajuaye.

"Emmett," Bi Odessa akaita, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Niko hapa, Mama. Nishike."

"Tupite huku," Noelia akasema haraka. "Kuna daraja, halafu kushoto, halafu lango la pembeni. Si mbali."

Na huenda wangefika. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Wakiwa katikati ya daraja lenye paa, radi ilipiga upande wa ziwa na mvua ikaanza kumwagika. Bembea zote za nje zikasimamishwa mara moja, kama ilivyo kanuni, na wote waliokuwa kwenye foleni zake wakatawanyika kutafuta pa kujikinga. Na paa lililokuwa karibu nao lilikuwa lile la daraja.

Waliingia kutoka pande zote mbili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alisogea hatua moja tu ili mwenzake asilowe, na zile hatua moja moja zikamfikia Bi Odessa kifuani. Noelia aliiona kofia ya zambarau ikiinama, kisha ikazama.

"Lucius!" mama alilia. "Lucius, hawatupi njia! Jamani, mtupisheni, mtu anakufa hapa!"

Emmett alikuwa amemkumbatia kwa mikono miwili, mgongo wake ameufanya ukuta, na uso wake Noelia hakuwahi kuuona vile. Ulikuwa uso wa mvulana wa sekondari.

Noelia alipanda juu ya kibao cha ukingo wa daraja, akaishika nguzo na kupaza sauti ya kazini, sauti ambayo haigombi wala haiombi. "Ndugu zangu wa upande huu! Hatua tatu nyuma! Akina mama wenye watoto, geukeni mnitazame mimi! Wewe baba mwenye shati la njano, ndiyo wewe, nyoosha mikono, usimpitishe mtu! Nyuma, nyuma, ahsanteni!" Watu walimtazama, wakatii. Palipatikana nafasi ya mtu mmoja, kisha ya watatu. Akaruka chini, akafungua kwa ufunguo wake mlango wa wafanyakazi uliokuwa mwisho wa daraja, na Emmett akapita amembeba mama yake mikononi kama mtoto.

* * *

Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa kidogo na kinanuka dawa ya kusafishia. Nesi alimfunga Bi Odessa kifundo cha mguu, akampima presha, akasema imepanda lakini itashuka, apumzike tu. Akatoka kwenda kuleta kiti cha magurudumu. Emmett alisimama dirishani, shati limemganda mgongoni kwa mvua na jasho.

Bi Odessa alikuwa amelala, nywele zake za mvi zimefumka. Aliunyoosha mkono.

"Njoo hapa, binti."

Noelia alisogea, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimekuaibisha mbele za watu," mama alisema. "Nimepiga kelele kama mwehu."

"Hapana, Bi Odessa. Hapana kabisa."

"Nisikilize. Nimekusikia ulipowaambia wale watu warudi nyuma. Wakarudi." Alivuta pumzi. "Siku ile ya Lucius nililia kwa saa nzima niwarudishe watu nyuma. Hakuna aliyenisikia. Kama ungekuwepo wewe..." Akaacha. Machozi mawili yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni. "Nilikuja na neno langu tayari, tangu nyumbani. Nilitaka tu kukuchunguza kidogo, si unajua akina mama tulivyo. Haya mambo ya leo si kosa lako. Mvua ni ya Mungu, na wale watoto, nani angejua watakuja? Wewe ulichagua siku njema. Asubuhi ile ilikuwa njema, mwanangu. Usiniite tena Bi Odessa. Niite Mama."

Neno hilo Noelia alilisubiri kwa miaka miwili. Alikuwa ameliota, amelililia, amelipigia magoti kanisani kwake. Sasa lilimfikia mkononi, naye akahisi linamchoma. Angeweza kulipokea. Ilibidi tu anyamaze, kama alivyonyamaza jana na leo mezani, na kesho anyamaze tena, na mwaka ujao, akiwa amelala kando ya Emmett, anyamaze.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Nilijua watakuja. Jana mchana waliniambia. Nilitaka kuwapigia simu. Nilidhani tungetoka kabla hawajafika, na niliogopa, kwa sababu ulisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho..." Akaegemeza paji la uso ukingoni mwa kitanda. "Nilijua, Mama. Nisamehe."

Nje kipaza sauti kilikuwa kinawatangazia watu kwamba bembea zitafunguliwa tena muda si mrefu. Mkono wa Bi Odessa ulikuwa bado ndani ya mkono wake, lakini ulikuwa umelegea.

"Lucius naye alikuwa na sababu nzuri," mama alisema hatimaye, akitazama dari. Akauondoa mkono wake polepole, bila ukali wowote, akauweka kifuani.

Emmett aligeuka kutoka dirishani.

"Pale mezani nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kuna nini."

"Emmett..."

"Ukasema hakuna. Nikakuuliza tena. Ukaniita mpenzi, ukasema hakuna."

"Alikuwa anatabasamu! Ulisema anaimba, Emmett. Ningekuambiaje? Ningemwondoleaje furaha ile?"

"Kwa kusema! Kwa kufungua mdomo, basi! Ningembembeleza Mama akubali siku ya nne, ya tano, ya kumi, ningemleta mgongoni kama ingebidi. Unajua mimi nilikupendea nini? Watu wote hapa ndani wanapaka kila kitu rangi ya kupendeza, wewe peke yako ndiye uliyekuwa unawaambia watu leo msije." Alijifuta uso kwa mkono. "Baba alinitabasamia asubuhi ile. Nilimuuliza, baba unaumwa? Akasema hakuna."

"Mwanangu," Bi Odessa akaita kwa sauti ya chini, "usiseme neno ukiwa na hasira."

"Sina hasira, Mama. Ndiyo inayonitisha. Sina hasira kabisa."

Noelia alimtazama, akaona kweli hana. Macho yale aliyoyajua, yaliyokuwa yakimtafuta kila alipoingia mahali, yalikuwa yametulia kama nyumba iliyohamwa. Kama angemkasirikia, Noelia angejua la kufanya. Mtu akikukasirikia bado anakushika.

"Nitakungoja," alimwambia. "Hata ukitaka mwaka."

"Usiningoje."

"Emmett, nakupenda."

"Najua," alisema. "Nami nakupenda. Lakini kila ukinitabasamia nitakuwa najiuliza, na mimi maisha ya kujiuliza nimeyaishi. Siyawezi tena, Noelia. Kweli siyawezi."

Nesi aliingia na kiti cha magurudumu, akawaona, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

* * *

Mvua ilikuwa imekatika, na njia zote zilikuwa zimejaa kuliko mwanzo. Kutoka pale hadi langoni ilibidi wavuke uwanja mzima. Emmett alikishika kiti, akautazama ule umati, akasita. Noelia hakungoja aombwe. Alitangulia mbele yao.

"Tupisheni, tafadhali. Mgonjwa anapita. Dada, mshike mtoto. Ahsante, kaka, hapohapo simama." Watu walifunguka mbele yake kama kitambaa kinavyopasuka, wakajifunga nyuma ya kiti. Bi Odessa alikuwa amefumba macho, kofia iliyokanyagwa iko mapajani. Noelia hakugeuka nyuma hata mara moja. Alijua akigeuka hataweza kuendelea mbele, na wangekwama pale, na hilo angalau hakutaka liwapate.

Kwenye lango kuu alisogea pembeni kuwapisha. Kiti kilipita. Bi Odessa alifumbua macho, akaugusa mkono wa Noelia kwa ncha za vidole, mguso mdogo sana, wa mtu anayeaga msibani.

"Mwambie mama yako ahsante kwa chakula," alisema.

Emmett alisimama kidogo. Alimtazama Noelia kuanzia nywele mpaka viatu, kwa utulivu, kama mtu anayetaka asisahau kitu. Midomo yake ilicheza. Noelia alingoja. Lakini Emmett aliinama, akalegeza breki ya kiti, na kuanza kusukuma kuelekea uwanja wa magari, na hakusimama tena mpaka mgongo wake ukapotea kati ya mabasi.

Noelia alibaki pale langoni. Watu wapya walikuwa wakiendelea kuingia, wanamgonga mabega, wanamwomba radhi. Mwanamke mmoja mwenye watoto watatu na gari la kusukumia mtoto aliona kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwake, akamshika mkono.

"Dada, nisaidie, Mungu akubariki. Nimekuja na hawa, tazama palivyo! Njia ipi leo haina watu?"

Noelia alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. Kisha akainua mkono, akaonyesha njia ya wanaotoka kurudi kwenye magari, ile aliyopita Emmett, nyeupe, imelowa, tupu kabisa.

"Ile," alisema.

Mwanamke alicheka, akidhani anataniwa, akawakusanya watoto wake na kuingia nao ndani.